Kumbe kinachokukaba chini ya maji sio oksijeni kuisha! Wazamiaji na wajuvi wa viumbe karibuni tuongee pumzi

Mbizi Fupi

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimelibeba wiki ya tatu sasa nikaona bora nilitue hapa, maana lilibakiza kidogo tu linipeleke, na juzi nimeona vijana wengine wanalifanya vilevile huku wanacheka.

Iko hivi. Tulikuwa wanne bwawani, bwawa la mita 25, tunashindana nani ataenda mbali chini ya maji bila kuibuka. Mimi siku zote nikigusa ukuta wa pili nageuza, nikipiga mikono mitatu minne kifua kinaanza kuruka chenyewe, nainuka. Jamaa yangu mmoja akasema wewe hujui siri, kabla hujazama vuta na utoe pumzi haraka haraka mara 30, unajaza oksijeni mwilini. Nikafanya. Kichwa kikawa chepesi, vidole vikaanza kuchomachoma kama mkono ulioulalia, midomo ganzi, nikajua ndio oksijeni yenyewe hiyo imejaa. Nikazama.

Sasa ile raha siwezi kuieleza. Hakuna kukabwa. Nimegusa ukuta nimegeuza, kifua kimetulia tuli kama niko kitandani, nakumbuka naangalia ule mstari mweusi wa vigae chini nikawa nawaza leo nawakomesha hawa, nikaona nukta nukta nyeupe pembeni mwa macho... basi. Kinachofuata nimelalishwa ubavu pembeni ya bwawa, nakohoa maji, kuna mtu ananiita jina. Katikati hapo sina kumbukumbu hata moja, sikuhisi hatari, sikuhisi nazama, sikuhisi chochote. Wenzangu wanasema niliacha kupiga miguu nikashuka taratibu, wao wakadhani natafuta sifa. Mama mmoja aliyekaa ukingoni ametumbukiza miguu ndiye aliyepiga kelele.

Tangu hapo nasoma kama nina mtihani. Nilichoelewa ni hiki, mnirekebishe: ile hali ya kukabwa hadi unataka kupasuka haiji kwa sababu oksijeni imekwisha. Inaletwa na hewa ukaa iliyojazana. Ikizidi, damu inakuwa na asidi zaidi, ubongo unalisoma hilo unapiga kengele. Oksijeni mwili unaipima pia ila kengele yake ni dhaifu na inachelewa mno. Halafu nikivuta pumzi 30 za haraka siongezi oksijeni ya maana, kwa sababu kwa mtu mzima wa afya damu tayari imejaa asilimia 97, 98 huko, utaongeza nini? Ninachofanya ni kuitoa hewa ukaa nje. Yaani nimechomoa waya wa taa ya mafuta kwenye dashibodi halafu najisifu tenki limejaa.

Swali langu: nyangumi na wenzake wanakaa huko chini saa nzima wanafanyaje? Hawana hiyo kengele?

Kidumu

Pole mkuu. Kwa hiyo wale uliotaka kuwakomesha ndio waliokubeba 😂😂 Mimi nikiwa kwenye kochi nabana dakika nne na ushee, sijawahi kuzimia.

Nanga75

Mbizi Fupi pole sana na hongera kwa kurudi, wengine hawarudi kuandika uzi. Ulichoeleza kiko sawa kabisa. Nimekuwa kwenye mbizi miaka mingi, za mtungi na za pumzi moja, ngoja niongeze kipande ambacho ni kibaya kuliko hicho cha bwawani.

Bwawani ulizimia kwa sababu ulizima kengele. Kwenye kina unaweza kuzimia hata kama hukuizima. Shinikizo la maji linaongezeka, kila mita 10 ni kama kubebeshwa anga zima jingine juu yako. Juu ni anga moja, mita 10 ni mbili, mita 30 ni nne. Mapafu uliyoshuka nayo yamejaa, mita 10 yamebaki nusu, mita 30 robo. Hewa ni ileile ila imebanwa, na oksijeni iliyobanwa inasukumwa kwenye damu kwa nguvu, kwa hiyo huko chini unajisikia vizuri tu hata kama umeshaila sehemu kubwa. Unaamua kupanda. Sasa unapopanda mapafu yanatanuka, msukumo wa ile oksijeni kidogo iliyobaki unaporomoka, na mita 10 za mwisho ndizo mbaya zaidi kwa sababu hapo shinikizo linakatika nusu nzima. Mtu anauona mwanga wa juu, anakaribia, anazima. Wengine wanazima wakiwa wameshatoa kichwa na wameshavuta pumzi ya kwanza, kwa sababu ile pumzi inahitaji sekunde kadhaa kufika kichwani. Ndio maana wazamiaji wa pumzi moja wana sheria ya mmoja chini mmoja juu, na yule wa juu haondoi macho kwa mwenzie hadi nusu dakika hivi baada ya kuibuka.

Kidumu, dakika nne za kochi tuwekee video. Bila kusaidiwa na oksijeni, Stéphane Mifsud wa Ufaransa aliweka rekodi ya dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009. Ukisikia mtu kakaa dakika 24 na sekunde 37, huyo ni Budimir Šobat wa Kroatia mwaka 2021, ila alivuta oksijeni tupu kwanza. Watu wanachanganya hizo mbili wanaenda kujiua bafuni.

Mwalimu Kasa

Hodi uzini. Nafundisha baiolojia na hii mada naipenda kupita kiasi kwa hiyo mtanivumilia.

Nyangumi kengele anayo. Wanyama wote wanaopumua kwa mapafu wanaisoma hewa ukaa, tofauti ni kwamba hawa wa majini wanaivumilia kuliko sisi. Lakini siri yao kubwa haiko hapo, iko kwenye mahali wanapoweka akiba. Sisi tunaweka sehemu kubwa ya akiba kwenye mapafu. Sili yeye, na hili ndilo huwa linawashangaza wanafunzi wangu kuliko yote, anatoa pumzi kabla ya kuzama. Anaenda chini mapafu yakiwa karibu matupu! Akiba yake iko kwenye damu, ambayo ni nyingi sana kwa mwili wake, na kwenye nyama. Kwenye misuli kuna kitu kinaitwa mayoglobini, ni ndugu wa himoglobini ya damu, kazi yake kuishikilia oksijeni ndani ya msuli. Ndio kinachoipa nyama wekundu. Nyama ya sili ina mayoglobini nyingi hadi inaelekea kwenye weusi, ukiitazama utadhani imeungua. Kuna kitendawili hapo, protini nyingi hivyo zikisongamana kwenye msuli zinapaswa kugandana ziharibike, na mwaka 2013 wanasayansi walionesha kwamba mayoglobini ya wanyama hawa ina chaji nyingi za umeme za aina moja juu yake, zinasukumana kama sumaku mbili zikielekezeana ncha zinazofanana, hazigandani.

Halafu matumizi. Akizama moyo unapunguza mwendo, mishipa ya pembeni inabanwa, damu inaenda ubongoni na kwenye moyo, viungo vingine vinaambiwa subirini. Mwaka 2019 walichapisha vipimo vya nyangumi wa buluu aliyebandikwa kifaa, moyo wake akiwa chini ulishuka hadi mapigo mawili kwa dakika. Mawili! Akirudi juu ulikuwa unapiga 25 hadi 37.

Na saa nzima uliyosema ni ya watoto. Nyangumi bingwa wa mbizi ndefu anaitwa nyangumi wa Cuvier, ana mdomo uliochongoka kidogo, wala sio mkubwa kivile. Ameshapimwa akifika mita 2,992, na mmoja alikaa chini saa 3 na dakika 42. Sili tembo ameshakaribia saa mbili. Pengwini mkubwa wa barafuni, ndege jamani, dakika 32.

Sipingi Nauliza

Mwalimu nondo zimetulia. Ila mimi nina la kwangu. Maji si ni H2O, hiyo O si oksijeni? Kwa nini sisi tusivute maji tu tukatoa oksijeni humo kama samaki?

Na la pili, kwenye sinema yule shujaa anajificha chini ya maji anapumua kwa mrija wa tete. Sasa si ningechukua bomba la mita tatu nikakaa zangu chini siku nzima, mitungi ya nini?

Kidumu

Hili la bomba nami nilikuwa naogopa kuuliza

Nanga75

La bomba nalichukua mimi. Fanya hesabu hii. Kila mita moja ya kina, kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako inasukumwa na uzito wa gramu 100 za maji. Chukua kifua tu, sentimita 30 kwa 30, ni sentimita 900 za mraba. Zidisha. Kilo 90. Hiyo ni mita MOJA tu ya kina, mtu mzima amekukalia kifuani na wewe unatakiwa umnyanyue kila unapovuta pumzi, kwa sababu hewa iliyo ndani ya bomba na mapafu yako ina shinikizo la huko juu, haikusaidii kusukuma kutoka ndani. Mita tatu ni watu watatu. Utavuta mara moja mbili, misuli inachoka, mbaya zaidi damu nayo inasukumwa kuingia kifuani, unaweza kuumia mapafu. Ndio maana bomba la kupumulia la kuogelea ni fupi, sentimita 40 hivi.

Na hata kama usingekuwepo uzito, bomba refu linakurudishia pumzi yako mwenyewe. Unatoa nusu lita, inajaa kwenye bomba, unavuta ileile. Hewa ukaa inapanda tu.

Mtungi unafanya kazi kwa sababu regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kilichounganishwa na mtungi, inakupa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yaliyokuzunguka pale ulipo. Mita 20 inakupa hewa ya anga tatu, kwa hiyo kifua hakina anayekikalia. Hiyo ndiyo akili waliyoleta Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943 kule Ufaransa. Lakini inakuja na deni lake. Mtu wa mtungi HARUHUSIWI kubana pumzi akiwa anapanda. Mita 10 ukijaza mapafu kwa hewa ya mtungi ukabana ukapanda hadi juu, ile hewa inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana hiyo nafasi, yanachanika. Wanaoanza nawafundisha watoe vipovu vidogo vidogo njia nzima kama wanaguna wimbo. Kwenye pumzi moja unabana, kwenye mtungi hubani, na waliozoea upande mmoja wakihamia mwingine ndio wananipa presha.

Mwalimu Kasa

Nanga umenichokoza. Kuna mnyama mmoja anayeweza hilo la bomba: TEMBO.

Tembo anavuka mto mwili wote uko ndani, mkonga tu umetoka juu, na mapafu yake yako mita mbili hivi chini ya uso wa maji. Kwa hesabu yako alitakiwa aumie. Sasa wanyama karibu wote wanyonyeshao, tukiwemo sisi, kati ya mapafu na ukuta wa kifua kuna nafasi nyembamba mno yenye majimaji, utando mmoja unateleza juu ya mwingine. Vile vimishipa vidogo vya kwenye utando ndivyo vingepasuka kwa tofauti ya shinikizo. Tembo hana hiyo nafasi. Ameshonwa! Mapafu yake yameungana na kifua kwa nyuzinyuzi nene. Madaktari wa wanyama walishaliona zamani kwenye mizoga wakadhani ni ugonjwa.

Sasa H2O. Sipingi, hilo swali usilionee aibu, kila mwaka darasani lipo. Ile O imefungwa na H mbili, kuitenganisha kunataka nishati nyingi, samaki hana mtambo huo. Samaki anatumia oksijeni nyingine, iliyoyeyuka ndani ya maji kama hewa ya soda ilivyoyeyuka kwenye soda. Na ni kiduchu. Lita moja ya hewa ina mililita kama 210 za oksijeni, lita moja ya maji ina 5 hadi 10 hivi, na maji yakipata joto inapungua, ndio maana samaki wa kwenye dimbwi lenye joto unawaona midomo juu wanahema.

Mfunue samaki kile kifuniko cha shavu uangalie kwa karibu. Humo ndimo yalimo matamvua yake. Kuna matao, kila tao lina nyuzi nyekundu zimepangwa kama meno ya kitana, na kila uzi una vijani vyembamba ambavyo kwa macho unaviona kama manyoya. Maji yanapita upande huu, damu ndani ya vijani inapita upande wa pili, wanapishana. Ujanja wote uko kwenye kupishana. Damu inayokaribia kutoka, ambayo imeshajaa oksijeni, inakutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi zaidi, inaendelea kuchukua. Wangekwenda njia moja wangegawana nusu kwa nusu wakaishia hapo. Ukimtoa nje ya maji vile vijani vinalaliana vinashikana kama kurasa zilizolowa, na ndipo anapokosa pumzi akiwa kwenye hewa yenye oksijeni mara 30 ya kule alikotoka.

Na nyie mnaoletewa matangazo ya kifaa cha kung'ata mdomoni eti kinachuja oksijeni ya baharini, piga hesabu. Mtu aliyetulia anatumia oksijeni mililita 250 kwa dakika. Hata ukiikamua yote, ni lita 25 hadi 50 za maji kila dakika, umelala. Kakifaa kanakotosha kiganjani kanasukuma lita zote hizo kwa pampu gani?

Sipingi Nauliza

Kwa hiyo samaki hawezi kufa maji?

Mwalimu Kasa

Anaweza 😄 Kamongo. Ana mapafu ya kweli, na matamvua yake yamedhoofika hayatoshi. Kila baada ya muda lazima aje juu akagugumie hewa. Ukimnasa kwenye wavu chini ya maji asiweze kupanda, anakufa maji. Na bwawa likikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunga kwenye kifuko cha ute wake, anaacha kitundu cha hewa anasubiri mvua, anaweza kusubiri hata zaidi ya mwaka.

Kambare naye ana viungo vyake vya hewa juu ya matamvua, kama vimti vya matawi, ndio maana unamkuta anatambaa nchi kavu.

Mama Mapacha

Samahanini wajuvi, mimi nimeingia nikiwa nimepaniki. Wanangu wana miaka tisa, mchezo wao bwawani ni huohuo wa nani atakaa chini. Niwakataze kabisa? Na nimewahi kusikia mtoto mchanga ukimtia majini anabana pumzi mwenyewe, anajua kuogelea tangu tumboni. Ni kweli?

Nanga75

Dada Mama Mapacha, la watoto: kwanza hakuna kuhema haraka haraka kabla, kwa mtu yeyote, umri wowote. Pumzi moja mbili za kawaida, basi. Pili hakuna kurudia rudia bila kupumzika, wale watoto wanazama wanaibuka wanazama tena sekunde tano baadaye, deni linalimbikizwa. Tatu mtu mzima awe anaangalia, na kuangalia sio kuwa karibu na simu mkononi. Mimi wangu nawakatazia mashindano ya muda na umbali. Kutafuta vitu chini sawa, akihisi kukabwa anapanda, hakuna anayehesabu. Mashindano ndio yanamfanya mtu apuuze kengele.

Na anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, aelewe kila mzazi. Ili upige kelele unahitaji hewa, na yeye hewa ndiyo hana. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia unatoka majini, mikono inakandamiza maji pembeni, kimya. Ukimtoa hapumui usimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo eti maji yatoke, unapoteza muda. Aliyeishiwa oksijeni anahitaji oksijeni, kwa hiyo aliyefunzwa anaanza na kumpulizia pumzi mdomoni halafu ndio kifua, huku mwingine anapiga simu ya dharura.

Mwalimu Kasa

La mtoto mchanga, ni kweli nusu. Anaziba koo na moyo unapunguza mwendo, ni mwitikio wa kuzaliwa nao na unafifia anavyokua. Lakini hawezi kuinua kichwa kutoka majini, kwa hiyo hiyo sio kuogelea, tafadhali asije mtu akajaribu.

Mwitikio wenyewe mtu mzima bado anao. Ni uleule wa sili ila hafifu. Ngozi ya uso, hasa paji, macho na pua, ikiguswa na maji ya baridi huku umebana pumzi, neva inayohisi uso inapeleka habari ubongoni, na neva nyingine inayoshuka hadi moyoni na tumboni inaleta breki kwenye moyo. Bandama nayo inajikunja inamwaga chembe nyekundu za akiba. Wabajau wa bahari za kusini mashariki mwa Asia, watu ambao maisha yao ni kuzama, utafiti wa 2018 uliwakuta na bandama kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko majirani zao wa nchi kavu, na hata Wabajau wasiozama wanayo, kwa hiyo sio mazoezi tu, ni damu yao.

Nanga75

Nao wale akina mama wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, haenyeo, wengi wao wameshavuka miaka 60 wanazama bila mtungi. Wakiibuka wanatoa pumzi kwa mluzi, ina jina lake kabisa, sumbisori. Ukiusikia kwa mbali utadhani ndege.

Sipingi Nauliza

Nimerudi na majibu ya maabara. Beseni, maji, barafu, saa ya mkononi inayopima mapigo. Nimekaa kwenye kiti, mapigo 78. Nikabana pumzi uso mkavu, yakashuka kidogo tu, 73. Nikapumzika, nikatumbukiza uso hadi kwenye masikio. Sekunde ya kwanza baridi ilinipiga kwenye paji kama nimekunywa barafu nzima, nikataka kutoka. Nikang'ang'ania. Kama sekunde 25 nikainua jicho moja, 58. Hamsini na nane wakuu, nimekaa kwenye kiti! Mwalimu nimekubali, mimi na sili ni ndugu.

Mwalimu Kasa

Hongera mtafiti. Wenye matatizo ya moyo wasiige hiyo, narudia wasiige. Na asiwe mtu peke yake.

Kidumu

Wakuu kwa heshima zote nimekuja kukiri. Baada ya kuombwa video nimempa mke simu apime. Kochi lilelile. Dakika 1 na sekunde 52. Zile dakika nne nilikuwa navuta kidogo kidogo kwa pua bila kujijua, yeye ndio kaniona pua zinacheza 😭

Nanga75

😂😂😂 1:52 sio mbaya kaka. Wengi huanza na sekunde 40.

Mbizi Fupi

Nimecheka mpaka nimekohoa. Asanteni wote, nimejifunza kuliko kwenye yale yote niliyosoma peke yangu.

Jana nilirudi kulekule bwawani, sio kuogelea, nilimtafuta yule mama. Nikamkuta palepale ukingoni, miguu ndani ya maji. Nikamshukuru, nikamuuliza siku ile alijuaje, maana wenzangu watatu walikuwa majini na mimi na wananitazama na hawakujua.

Akasema, "Mwanangu, wenzio walikuwa wanaangalia saa. Mimi nilikuwa naangalia miguu yako. Ilikuwa inapiga, ikapiga mmoja tu, halafu vidole vikageukia chini."